Mlinzi Asiye na Ng'ombe

Siku walipomchagua Lekakeny kuwa mlinzi wa lambo la Kwediziwa, sababu ilitajwa hadharani, mbele yake, na hakuna aliyeona haya. Mzee Kisemei, kiongozi wa mila wa wafugaji na mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, alisimama juu ya tuta akaegemea fimbo yake, akasema kwamba kila mlinzi waliyemweka kabla ya hapo alikuwa na mifugo, na kila mmoja aliipendelea mifugo yake. Wa kwanza alikuwa akiwanywesha ng'ombe wake alfajiri, kabla ya zamu. Wa pili aliwaachia ndugu zake waingize kundi zima majini, likanya na kukojoa humo humo, na wanawake wakateka uchafu ule kupikia watoto uji. "Safari hii," mzee akasema, "tumtafute mtu asiye na kwato hata moja." Watu wakageuza shingo wote pamoja wakamtazama Lekakeny, ambaye alikuwa amekaa pembeni kabisa, juani, kwa kuwa kivuli kilikuwa kimejaa wenye ng'ombe.

Mtu wa mjini angesema amepata kazi, ashukuru. Kwa mfugaji wa mbuga za Handeni ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo. Mwanamume asiye na ng'ombe katika watu wale anasalimiwa vizuri tu, anaulizwa habari za watoto, kisha anayemsalimu anakwama, maana swali linalofuata ni la ng'ombe na wote wawili wanajua jibu. Hapo huangaliwa mawingu, watu wakakohoa, wakaagana. Lekakeny alikuwa amechoka kuangalia mawingu na watu.

Hakuzaliwa hivyo. Alirithi kundi zuri kwa baba yake, akalikuza. Mwaka ule mvua za vuli zilipogoma, na masika nayo ikagoma, alikonda pamoja nalo. Kila asubuhi yeye na mkewe Nasieku waliingia zizini kuwanyanyua waliolala, mmoja akishika mkia na mwingine pembe, wakihesabiana pumzi na kuvuta. Ng'ombe aliyesimama alipelekwa malishoni, ingawa malisho yenyewe yalikuwa vumbi. Aliyeshindwa kusimama alichinjwa, na nyama yake haikuwa na mafuta hata ya kupaka kidole. Wa mwisho alikuwa jike jeupe la madoa. Walimnyanyua mpaka Nasieku akaachia mkia, akasema, "Mwache, anatuona wapumbavu." Alisema kweli. Yule ng'ombe alikuwa akiwatazama tu.

Baada ya hapo Nasieku aliwachukua watoto akaenda kwa baba yake, upande wa Kwamsisi. Hakumtukana mumewe wala hakulia. Alimwambia, "Siku ukiwa na maziwa, nipigie simu." Lekakeny akashuka Mazinde kukata mkonge.

Huko alikaa kambini na mtu mmoja anaitwa Benedicto, mjukuu wa manamba aliyeletwa enzi za wakoloni, mcheshi, mwenye vidole vilivyochomwa na miiba mpaka havihisi moto. Benedicto alimcheka sana. "Babu yangu hakuwa na ng'ombe," alimwambia, "baba yangu hakuwa na ng'ombe, mimi ng'ombe namjua buchani. Na bado nina mke, nina watoto, Jumapili naimba kwaya. Wewe nani kakuambia umekufa?" Lekakeny alitabasamu kwa adabu. Alimpenda Benedicto, lakini moyoni alimwona kama mtu aliyezaliwa kipofu anayesifia giza. Kama angemsikiliza mtu yule, habari hii ingekuwa fupi na ya furaha. Hakumsikiliza. Aliposikia kwamba Kwediziwa wanatafuta mlinzi wa lambo, alirudi.

Alirudi kwa sababu ya mila. Kwa wafugaji wale, mtu aliyefilisika si lazima abaki hivyo. Wenzake wa ukoo na majirani huketi, na kila boma hutoa mtamba au ndama jike, mpaka aliyeanguka ainuke. Kwa Kimaasai huitwa *ewoloto*. Haiombwi kwa kupiga magoti. Hufanywa na wenye heshima kwa mwenye heshima, na anayepewa leo atatoa kesho. Lekakeny mwenyewe alikwisha kutoa mitamba kwa wengine, tena mizuri, alipokuwa nayo.

Na mzee Kisemei aliitaja mila hiyo siku ile ile ya uchaguzi, juu ya tuta, watu wote wakisikia. "Lekakeny, tulindie maji haya mpaka mvua zirudi," alisema. "Zikirudi, tutakaa kwa ajili yako." Watu wakaitikia. Lekakeny akapokea spana ya kufungulia koki ya birika, na usiku huo alimpigia Nasieku simu. Hakusema kwamba ana maziwa. Alisema yapo njiani.

Basi hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo Benedicto asingelifanya hata kwa kulewa. Lekakeny aliamini kwamba ng'ombe hufuata maji. Akiyalinda maji vizuri atapata mitamba ya kutosha, akiyalinda vizuri zaidi atapata mingi zaidi. Kila tone alilolizuia lisipotee aliliona kama ndama wake anayelala salama katika zizi la mtu mwingine. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, akajiamini.

Sheria za lambo zilikuwa nyepesi kuzisema. Ng'ombe wasikanyage majini, wanywe kwenye birika lililojengwa chini ya tuta, ambako maji huteremka kwa bomba. Kila boma na siku yake ya zamu. Asiogeshe mtu mifugo kwa dawa ya kupe karibu na maji. Asilime mtu kwenye kijito kinachojaza lambo, kwa sababu udongo uliotifuliwa huteremka na mvua na kuzika maji. Sheria hizo zilikuwepo miaka yote, zikivunjwa miaka yote. Lekakeny alizichukua kama alivyoambiwa. Alikata matawi ya migunga akazungushia lambo na birika ua wa miiba ambao hata mbuzi aliutazama akaghairi, akajenga kibanda mbele ya lango, akalala humo.

Wa kwanza kuonja ukali wake alikuwa mtoto wa kiume wa mzee Kisemei, kijana aliyezoea kuringa. Alipiga dawa ng'ombe wake, kisha akavuka ua na kuliosha bomba lake la mgongoni la kunyunyizia dawa ya kupe kwenye maji ya lambo, mahali wanawake wanapoteka. Lekakeny hakuuliza mtoto wa nani. Alimnyang'anya lile bomba, akalipeleka mbali na kijito, akaliponda kwa jiwe, halafu akarudi kumchapa fimbo mbele ya wasichana waliokuja na madumu yao. Alimchapa muda mrefu. Yule kijana alisema, "Basi, baba, nimekosa," na Lekakeny aliendelea kidogo baada ya hapo, jambo ambalo wasichana wale walilisimulia vizuri sana majumbani kwao.

Kesho yake mzee Kisemei alikuja mwenyewe. Lekakeny alisimama kumpokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiwe uliyemchapa mwanangu?"

"Ndiye mimi."

Mzee alimtazama, kisha akacheka, akampiga bega. "Ungekuwa na ng'ombe ungemwogopa mwanangu. Unaona? Tulichagua vizuri." Lekakeny alifurahi mno. Alivishwa kilemba cha ukoka, na kilimkaa vizuri kichwani asijue ni nyasi. Hakuuliza kwa nini, tangu siku hiyo, unga uliokuwa ukitoka kwa mzee Kisemei kama posho yake ya zamu haukuja tena. Aliona labda wamesahau, akala uji bila chumvi, akanyamaza.

Wa pili alikuwa mama Yusta. Huyu hakuwa mfugaji. Wazee wake walikuja kukata mkonge Korogwe, na mashamba yale yalipodorora wakapanda huku Handeni kutafuta ardhi. Mumewe alikwisha kufa. Alikuwa na kijibustani cha nyanya kwenye kingo za kijito, juu ya lambo, nyanya nzuri nyekundu alizokuwa akiwauzia wapita njia, na hizo ndizo zilizokuwa zikimsomesha binti yake. Lekakeny alimwonya. Mama Yusta alisema, "Sawa baba, nikivuna hizi naacha." Lekakeny akasema sheria haisemi ukivuna. Akashuka kijitoni asubuhi moja, akang'oa mche mmoja mmoja, na matunda yake mabichi, akayarundika pembeni ya njia kwa utaratibu mzuri, maana hakuwa mwizi.

Mama Yusta alisimama akamtazama mpaka amalize. "Nawe juzi tu ulikuwa huna kitu, Lekakeny," alisema. "Nilikupa mihogo. Umesahau?"

"Sijasahau, mama. Ni maji ya watu."

"Na mimi si mtu?"

Lekakeny aliona aibu, lakini aibu yenyewe aliihesabu kuwa sehemu ya kazi. Mwanamume anayetafuta ng'ombe hupitia miiba, alijiambia, na akakanyaga kichwa cha aibu yake akapita.

Kiangazi kilikaza. Lambo la kijiji jirani likageuka matope, kisha ufa. La pili yake likakauka na kuacha mizoga ya kambale. La Kwediziwa lilipungua, lakini lilipungua kwa adabu, na maji yake yalikuwa safi kiasi kwamba wanawake waliacha kuyachuja kwa kitambaa. Watu walipona kuharisha, ndama wakanenepa kuliko ilivyotarajiwa, na kila aliyekunywa alimshukuru Mungu na kumnung'unikia Lekakeny.

Hapo ndipo alipofika Kiseyian.

Kiseyian alikuwa kaka yake Nasieku, na boma lake lilikuwa Kwediziwa. Alikuwa amehamishia kundi lake malisho ya mbali, na malisho hayo yalipokwisha akarudi, akitembea na ng'ombe wenye kiu kali, wengine wakiburura kwato. Walisikia harufu ya maji kabla hawajaona tuta. Walianza kulia. Aliyewahi kusikia kundi zima likilia kiu anajua kwamba sauti ile haisahauliki, na Lekakeny alikuwa amewahi kuisikia katika zizi lake mwenyewe.

Lakini haikuwa zamu ya Kiseyian. Birika lilikuwa limezungukwa na ng'ombe wa boma jingine, na nyuma yao walisubiri wengine wa zamu hiyo hiyo. Lekakeny alifunga lango kwa tawi kubwa la miiba, akasimama nyuma yake.

"Shemeji," Kiseyian alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Nifungulie. Nimetoka mbali."

"Zamu yako kesho, shemeji. Hawa wakimaliza, nitaona."

"Kesho? Watazame! Hawafiki kesho."

"Nikikufungulia wewe kwa sababu ya Nasieku, wataingia wote. Unajua hivyo."

Kiseyian hakubishana. Alimwonyesha ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye mimba kubwa, aliyekuwa amesimama miguu imetanuka kama meza mbovu. "Basi huyu peke yake. Mpe hata kwa ndoo. Huyu tu."

Ndoo ilikuwepo, ndani ya kibanda, na Lekakeny alifahamu ilipo. Aliwaza kwamba harufu ya ndoo moja ingewatia wazimu wale wengine, wangevunja ua, wangeingia majini, na kazi yote ya kiangazi ingekwisha kwa saa moja. Aliwaza vilevile kwamba wale wa zamu walikuwa wakimtazama, na kwamba wangelisimulia jambo hili mbele ya wazee siku ya kukaa. Hilo la pili ndilo lililokuwa na uzito. Tusimsingizie wema ambao hakuwa nao.

"Siwezi," alisema.

Ng'ombe mwekundu alilala chini jua likiwa bado kali. Walijaribu kumnyanyua, Kiseyian akishika pembe na wachungaji wake wakishika mkia, na Lekakeny akitazama kutoka upande wa pili wa miiba, mikono ikimcheza yenyewe kwa mazoea. Wa zamu walipomaliza, alifungua lango na kuwaachia ng'ombe wa Kiseyian wanywe, zamu ikiwa yao au si yao. Mwenyewe alikimbia na ndoo mpaka kwa yule aliyelala. Maji yaliingia mdomoni yakatoka pembeni. Jicho lilikuwa limeshapata vumbi.

Kiseyian alitoa sime akampasua tumbo upesi, kwa matumaini. Ndama alitoka amekwisha kufa naye, amekamilika, kwato laini, na alikuwa jike. Kiseyian alimweka juu ya majani, akafuta damu mikononi kwa mchanga, polepole, halafu akasema bila kumtazama shemeji yake:

"Huyu alikuwa wako. Nilimwambia dada yangu, akizaliwa jike ni wako. Tena huyu angezaa vizuri, mama yake hajawahi kukosa maziwa."

Lekakeny alikuwa bado amechuchumaa kando ya yule mwekundu. Alibaki na ndoo yake. Jioni hiyo alilia ndani ya kibanda kwa sauti, kama mtoto, na asubuhi akatoka kupokea wa zamu.

Nasieku alipiga simu mara moja tu. "Umemwua ng'ombe wa kaka yangu," alisema.

"Nimelinda maji."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako. Ili wakae."

Kisha Nasieku akasema, "Basi na wakae kweli," akakata.

Maji yalidumu. Hilo asinyimwe mtu. Masika ilipoanza kunguruma, lambo la Kwediziwa bado lilikuwa na maji ya kuogelea bata, na sifa zake zilikuwa zimefika mbali. Viongozi wa vijiji vingine walikuja kulitazama, wakapiga picha na mzee Kisemei juu ya tuta. Mmoja aliuliza siri ni nini, na mzee akasema siri ni umoja. Lekakeny alikuwa nyuma yao akibana miiba. Mgeni mmoja alimwambia asogee kidogo ili asiingie kwenye picha.

Mvua ikanyesha, kijito kikajaa, lambo likajaa mpaka ukingoni, maji meupe yasiyo na tope kwa kuwa hapakuwa na bustani ya mtu huko juu. Mkutano ukaitishwa. Nasieku alikuja kutoka Kwamsisi kwa pikipiki na watoto wake wadogo wawili, amevaa shanga zake nzuri. Alibeba kibuyu cha maziwa alichokisafisha kwa kijinga cha moto na kukitia harufu nzuri, kama mwanamke anavyofanya anapotarajia kukamua. Alimsalimia mumewe, akakaa na wanawake. Lekakeny alikuwa ameoga na kuvaa shuka jipya. Alikwisha kuchagua kwa macho mahali atakapojenga zizi.

Mzee Kisemei alizungumza vizuri, hakuna aliyejua kuzungumza kama yeye. Alimsifu Lekakeny kwa kila jambo. Alisema mtu huyu alimchapa mwanangu, na mimi nasema asante. Alisema mtu huyu alimfungia lango shemeji yake mwenyewe, na nani mwingine hapa angeweza? Kiseyian alikuwa akichora chini kwa kijiti na hakuinua uso. Mama Yusta alikuwepo pia, mikono ameikunja kifuani.

"Sasa tumekaa wazee," mzee akasema, "na tumetafakari. Tukimpa Lekakeny mitamba, mwakani ana ndama. Kiangazi kikija, ndama wake watalia. Nani kati yetu anaweza kumsikia ng'ombe wake akilia, halafu akafunga koki? Mimi siwezi. Wewe huwezi. Lekakeny anaweza, kwa sababu hana. Tukimpa ng'ombe, tumempoteza mlinzi, na tumepoteza maji. Kwa hiyo tumeonelea abaki kama alivyo. Tutamtunza. Kila boma litatoa maziwa kwa zamu, hatalala njaa. Na leo tumemletea koti la mvua, na buti, na tochi, na tumemchinjia mbuzi."

Watu wakapiga makofi. Wengine walipiga kwa sababu waliona ni hekima, na kwa kweli ilikuwa hekima, hapo ndipo ubaya wake ulipo. Wengine walipiga kwa sababu ya bomba lililopondwa, ya nyanya, ya ng'ombe mwekundu, ya kila siku waliyosimamishwa langoni wakiwa na haraka. Aliyempenda na aliyemchukia walifika mahali pamoja na kila mmoja akaokoa mtamba wake.

Mtendaji wa kijiji, dada mmoja anaitwa Edna, kijana bado, aliinua mkono. "Samahani, mzee. Mimi nilikuwepo. Mlimwahidi."

"Tulimwahidi tutakaa," mzee alimjibu kwa upole. "Tumekaa, binti yangu." Edna akatazama simu yake.

Ndipo Nasieku aliposimama. Mwanamke kusimama katika mkutano ule kuzungumzia ng'ombe lilikuwa jambo geni, na kelele zikazima.

"Basi nipeni mimi," alisema. "Mimi si mlinzi. Mimi nina watoto. Nitawafuga kwa baba yangu Kwamsisi, maji yenu hawatayaona. Mmoja tu anayekamuliwa."

Mzee mmoja kwa nyuma akacheka, na wengine wakamfuata, si kwa hasira, bali kama watu wanavyomcheka mtoto aliyesema neno la kikubwa. Ng'ombe wa mke ni wa mume, mama, wakamwambia, keti. Nasieku hakuketi. Alimtazama kaka yake. Kiseyian aliendelea kuchora chini.

Kilichobaki ni Lekakeny kushukuru. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na wote walimgeukia. Alisimama na koti la mvua mkononi, likiwa bado kwenye karatasi yake ya nailoni. Alikuwa na mengi tumboni, tena makali, lakini alikuwa amefunzwa tangu utotoni kutompandishia mkubwa sauti, na mafunzo hayo yalimshika shingo. Akauliza swali moja tu.

"Na nikizeeka, mzee? Nikishindwa kukaa langoni?"

Mzee Kisemei alitabasamu. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kumtuliza. "Usiwe na wasiwasi mwanangu. Ukizeeka tutaweka mwingine. Kiangazi hakijawahi kutunyima mtu asiye na ng'ombe."

Watu walicheka, kwa sababu mzee alikuwa ametania vizuri. Lekakeny naye akacheka. Meno yalitoka nje yenyewe, na aliposikia sauti yake ikicheka pamoja na zao alijua kwamba ameshakubali.

Nyama iliiva. Walimkalisha safari hii kivulini, katikati ya wazee, wakamkatia kidari, sehemu ya mtu wa heshima, wakamwekea mbele juu ya majani. Nasieku alipita karibu na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Alisimama, akangoja mumewe ainuke waondoke pamoja. Lekakeny alimwona. Alijua anachongojewa, na alijua kwamba akiinuka sasa ataondoka bila ng'ombe, bila kazi, na bila neno la mtu yeyote nyuma yake. Nasieku alingoja mpaka mtoto akaanza kulilia nyama, ndipo akageuka akashika njia ya Kwamsisi.

Lekakeny alimtazama mpaka mti ukamficha. Kisha akavuta majani yale karibu akala, maana tangu jana yake hakuwa ametia kitu mdomoni.